Mbwa Mkali si Sentensi

Pita mitaa ya Mikocheni au Mbezi Beach, Dar es Salaam, kwenye yale mageti marefu ya chuma, hukosi kukuta kibao kimeandikwa MBWA MKALI. Hakuna mpita njia anayesimama pale kusubiri maelezo zaidi. Ujumbe umefika wote, hata kwa mwizi. Sasa niambie, hiyo ni sentensi?

Nauliza kwa sababu watoto ninaowafundisha tuisheni ya Kiingereza hapa Tabata huja na maana moja ya sentensi waliyoikariri tangu shule ya msingi: sentensi ni fungu la maneno lenye maana kamili. Wanaiitikia kwa pamoja kama wimbo wa mchakamchaka. Si uongo, lakini haimsaidii mtoto aliyekaa na karatasi mbele yake, anatakiwa aseme ipi ni sentensi na ipi ni kipande. Maana kamili kwa nani? Kwa aliyesimama mbele ya geti, MBWA MKALI imekamilika kabisa. Kisarufi bado ni kirai tu, nomino na kivumishi chake. Geti la jirani wameandika kwa Kiingereza, "BEWARE OF DOGS", na hiyo ni sentensi bila ubishi. Ni amri, na katika amri za Kiingereza kiima, yaani yule au kile ambacho kitenzi kinamhusu, hakiandikwi, kwa sababu ni wewe unayesoma.

Mjanja mmoja darasani alinibishia. "Ticha, si ni sawa na kusema mbwa ni mkali? Hilo 'ni' limeachwa tu." Hoja nzuri, maana kweli Kiswahili cha mazungumzo huliacha hilo "ni" mara kwa mara. Ukiulizwa baba yako anafanya kazi gani ukajibu "Baba yangu dereva", hakuna atakayekuambia umalizie. Basi tukajaribu kutanguliza maneno mawili: najua kwamba. "Najua kwamba baba yako dereva." Inakwenda. "Najua kwamba mbwa mkali." Unabaki unangoja: mbwa mkali kafanyaje? Tukaenda kwenye kuta nyingine za mjini. NYUMBA HII HAIUZWI: "Najua kwamba nyumba hii haiuzwi." Inakwenda, tena bila kukwaruza.

Jaribio hilo linafanya kazi vilevile kwa Kiingereza. Weka "I know that" mbele ya maneno unayoyashuku. Kama ni kauli kamili, itasimama. Kama ni kipande, itachechemea, na sikio litakuambia kabla ya kichwa. Halifai kwa maswali wala kwa amri, hizo zina njia yake, lakini kwa kauli za kawaida sijaona jaribio jepesi kuliko hilo.

Wengi wa hawa watoto ni wale waliomaliza mtihani wa darasa la saba Septemba na wanasubiri Januari. Shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka: biolojia kwa Kiingereza, hata jiografia ya bonde la Rufiji kwa Kiingereza. Ndiyo maana miezi hiyo katikati mji mzima unajaa vibao vya pri-fom wani, masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Mzazi anakuja na ombi moja: "Mwalimu, Januari isimkute hivi hivi." Na mtoto naye anakaa mbele yako akiamini kwamba hajui kitu.

Mimi nabishana na imani hiyo. Mtoto huyu anajua sentensi ni nini kuliko anavyodhani. Na mapema au baadaye, kwenye kipindi cha Kiswahili, atafundishwa kiima na kiarifu, kirai na kishazi, shamirisho na chagizo, na atavijibu vizuri kwenye mtihani. Kisha kengele inalia, anaingia mwalimu wa Kiingereza na "subject" na "predicate" kana kwamba ni vitu vya sayari nyingine. Vipindi viwili, jengo moja, havisalimiani. Kuna shule ambazo ukimfafanulia mwenzako kwa Kiswahili katikati ya kipindi cha Kiingereza unaadhibiwa, na ukutani pana bango la "ENGLISH ONLY". Bango hilo, kwa taarifa, si sentensi. Wangeandika "SPEAK ENGLISH" wangekuwa wamepita.

Kinachomtatiza mtoto si kujua sentensi. Kinachomtatiza ni kwamba vitu ambavyo Kiswahili hupakia ndani ya kitenzi, Kiingereza huvitoa nje na kuvipanga kimoja kimoja.

Chukua neno moja: nimekuletea. Ndani yumo aliyeleta, ni-. Umo wakati, -me-. Yumo aliyeletewa, -ku-. Upo na ule mnyambuliko wa -e- unaosema kitu kimeletwa kwa ajili ya mtu. Kilicholetwa chenyewe hakimo, na wala hakuna anayekidai, kwa sababu kinaonekana mkononi. Sentensi imekamilika. Binti mmoja mwepesi wa kuelewa alikuja na daftari nililomwagiza, akaninyooshea: "Teacher, I have brought you." Kwa Kiingereza hapo amesema kwamba amenileta mimi. Kichwani mwake hakuna kilichokuwa na kasoro. Aliyeleta yupo, wakati upo, aliyeletewa yupo, kila kitu alichozoea kukiona kwenye kitenzi kipo. Ila Kiingereza hakina mfuko ndani ya kitenzi cha kutunzia kitu ambacho hakijatajwa. Lazima useme "I have brought it for you", au "I have brought you the exercise book", kila mmoja kwa neno lake na mahali pake.

Ni ugonjwa uleule wa "Do you like ugali?" na jibu la "Yes, I like." Kwa Kiswahili "Ndiyo, napenda" inatosha na kubaki. Kwa Kiingereza "like" inabaki imeachama. Ama "I like it", ama ukwepe kabisa kwa "Yes, I do."

Hapo ndipo ninapoanza kufundisha sehemu za sentensi, na huwa situmii orodha. Natumia ukuta mwingine. Wanaokaa kando ya Barabara ya Morogoro wanaijua ile alama ya X nyekundu na neno BOMOA. Herufi tano tu, na ni sentensi nzima: kitenzi cha kuamrisha, kiima kimefichwa, na kinachobomolewa hakitajwi kwa sababu maandishi yenyewe yako juu yake. (Sidhani kama ipo sentensi fupi hivyo iliyowagharimu watu wengi hivyo.) Ukiigeuza kwa Kiingereza, "Demolish." peke yake inaacha pengo. Unahitaji "Demolish this house." Lakini "STOP" kwenye kibao cha barabarani inasimama vizuri, maana kusimama hakuhitaji kitu kingine. Watoto wakishaona hivyo, wenyewe wanaanza kugawanya: "sleep", "laugh" na "arrive" zinajitosheleza, "bring", "like" na "demolish" zinadai shamirisho, yaani kile kinacholetwa, kinachopendwa au kinachobomolewa, na "give" inapokea mbili kwa mpigo, anayepewa na anachopewa. "Put" ndiyo mkorofi wao. Kwa Kiswahili nikikuambia "Nimeweka kitabu" unaweza kunielewa, lakini "I put the book" hailali mpaka useme wapi.

Halafu kuna ile jamii ya "is", "become" na "seem", ambazo hazichukui shamirisho kabisa. "My father hired a driver" ina watu wawili. "My father is a driver" ina mtu mmoja tu, na hilo neno "driver" ni kijalizo kinachorudi kumweleza baba. Hapa ndipo "Baba yangu dereva" inapoleta hasara, maana mtoto anaandika "My father driver" na haoni kilichopungua. Hata akikumbuka kuweka kitu, "ni" yetu haibadiliki: mimi ni, sisi ni, wao ni. Kiingereza kinataka "am", "is" na "are". Hilo ni la kukariri tu, hakuna njia ya mkato.

Kiima ndicho ninachokaa nacho muda mrefu zaidi, kwa sababu maana ya kukariri hapa nayo inapotosha. Wanasema kiima ni mtenda. Sawa, na "Mwizi amekamatwa" je? Mwizi hajatenda chochote hapo, ametendwa, lakini kiima ni yeye. "Kiti kimevunjika": kiti kimetenda nini? Kwa Kiswahili huhitaji kujua nani katenda. Unaangalia mdomo wa kitenzi, kiambishi kile cha mwanzo, na kinakuonyesha mwenyewe. Ki- ya kimevunjika inamdai kiti. Hakuna mjadala.

Na hii ndiyo silaha ambayo hakuna anayewaambia watoto kwamba wanayo. Mfano wangu unatoka Kariakoo. "The price of onions have risen." Kosa hili linafanywa na watu wazima kwenye ripoti za ofisini, siyo watoto peke yao, kwa sababu neno "onions" limekaa karibu na kitenzi na lina s ya wingi, basi kitenzi kinalifuata. Sasa iseme kwa Kiswahili: bei ya vitunguu imepanda. Hakuna muuzaji hata mmoja pale Kariakoo atakayesema bei ya vitunguu vimepanda. I- ya imepanda inaidai bei, vitunguu vimekaa pale kama maelezo tu. Kwa hiyo kichwa cha kiima ni "price", ni umoja, na kitenzi kinakuwa "has risen". Kasha la maembe limeibiwa: li-, kasha, "A box of mangoes was stolen." Ngeli zetu, ambazo wageni wanazilalamikia kwamba ni nyingi mno, zinafanya kazi ambayo s moja ya Kiingereza haiwezi kuifanya.

Kiingereza nacho kina njia yake ya kukionyesha kiima, kwa swali. Geuza kauli kuwa swali la ndiyo au hapana, kitenzi kisaidizi kitaruka mbele: "Has the price of onions risen?" Yale maneno yaliyorukwa, "the price of onions", ndiyo kiima kizima, mkia na kichwa. Ukijaribu kuligeuza kundi la maneno kuwa swali likakataa, huenda halikuwa sentensi tangu mwanzo.

Kiambishi hichohicho kina upande wake wa pili. Tukisema "Mama anauza samaki", mama yupo mara mbili, mara moja kwa jina na mara moja ndani ya a-. Mtoto anapeleka mazoea hayo kwenye Kiingereza na kuandika "My mother she sells fish." Huwezi kumwambia ni uzembe. Ni uaminifu kwa Kiswahili. Unamwambia tu kwamba Kiingereza kinampa kiima kiti kimoja: akikaa "my mother", "she" asimame.

Na viti vingine havina mtu ila lazima vikaliwe. Sisi tunasema mvua inanyesha, mvua mwenyewe ndiye kiima. Mtoto anaandika "The rain is raining", au anafuta "the rain" kabisa na kubaki na "Is raining". Kiingereza kinaweka "it" isiyo na maana yoyote, imekaa tu kulinda nafasi. "There" vilevile: tunasema tangini kuna maji, mahali penyewe pamebeba kitenzi kwa ile ku-. Kiingereza hakikubali, kinataka "There is water in the tank." Haya mawili nayapitisha haraka, yanazoeleka.

Mtego mkubwa kuliko yote kwa wanaotafuta sentensi kamili ni kitenzi cha uongo. "The children playing in the rain." Darasa zima husema ni sentensi. Wanaona watoto, wanaona kucheza, wanaona mvua, picha imekamilika. Ile "-ing" wanaisoma kama -na- ya wanacheza. Sivyo. Hapo ni "watoto wanaocheza mvuani", na ukimwambia mtu "watoto wanaocheza mvuani" atakuuliza, ehe, wamefanyaje? Dawa ni kuingiza jana. "The children play in the rain" ukiweka jana inakuwa "played", kitenzi kimetikisika, ni cha kweli. "The children playing in the rain yesterday", hakuna kilichotikisika. Kitenzi kisichojali jana wala kesho hakiwezi kubeba sentensi ya Kiingereza peke yake. Mpe "are" au "were" mbele yake, mambo yanakaa sawa.

Kisha vipo vyenye kiima cha kweli na kitenzi cha kweli na bado havisimami. Hapa siwafundishi kitu, nawakumbusha. Nasema "Wapiganapo tembo", nanyamaza. Darasa linamalizia lenyewe: nyasi huumia. Kwa nini mmemalizia? Tembo wapo, wanapigana, kitenzi kina kiambishi cha nafsi. Lakini ile -po- imekiegemeza kishazi, yaani fungu lenye kitenzi chake, kwa mwenzake. -Ki- nayo hufanya hivyo, wakicheza, akija. -Nge- ya ningejua hali kadhalika, ingawa hapa mjini watu huitoa peke yake, "Ningejua!", wakamwachia msikilizaji amalizie. Sisi tunaweka alama ya utegemezi ndani ya kitenzi. Kiingereza kinaiweka nje, mwanzoni: "when", "if", "because", "although". Neno hilo moja likikaa mbele, sentensi iliyokuwa inasimama inaanza kuegemea. "Jangwani was flooded." Imesimama, na kila anayepanda mabasi ya mwendokasi yanayopita bonde hilo wakati wa masika anaiamini. "Because Jangwani was flooded." Imeinama, inatafuta pa kushika. "Because Jangwani was flooded, we walked home." Imepata.

Kuna walimu wanaokataza kabisa kuanza sentensi ya Kiingereza kwa "because". Sipendi marufuku hiyo. Naelewa ilikotoka: mtoto akizuiwa kuanza na "because" hataandika kipande cha "because". Lakini ni kama kumzuia mtu asivuke barabara ili asigongwe. Kinachotakiwa ni kishazi cha pili kiwepo kabla ya nukta, basi, mengine ni uhuru wa mwandishi.

Na hapo kwenye nukta ndipo penye kazi ninayoiona kubwa kuliko vipande vyote, ingawa vitabu vya mazoezi huipa ukurasa mmoja. Watoto wetu hawaandiki sentensi pungufu tu, wanaandika sentensi zilizojaa mno, tatu nne zimeshonwa kwa mkato. Kijana mmoja aliniandikia habari za likizo: "I arrived in Mkuranga in the evening, I greeted my grandmother, I ate, I slept." Kila mkato pale ulitakiwa kuwa kitu kingine. Lakini jaribu kuisoma kwa Kiswahili: nilifika Mkuranga jioni, nikamsalimia bibi, nikala, nikalala. Hiyo ni simulizi safi kabisa, haina doa. Ile -ka- inashika vitendo mkono kwa mkono, kimoja kikimfuata mwenzake, na mkato unatosha kwa sababu kazi ya kuunganisha imeshafanywa ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina -ka-. Ukitoa -ka- ukabakisha mkato, umebaki na sentensi nne zimesimama kwenye foleni bila kushikana.

Nilimwonyesha hilo, akaelewa upesi, akarudi na "I arrived in Mkuranga in the evening, then I greeted my grandmother, then I ate, then I slept." Ametafuta -ka- ya Kiingereza na akadhani ni "then". Kwa maana hakukosea sana. Kisarufi "then" haiungi vishazi, ni chagizo tu, inasema lini. Mkato bado hautoshi.

"Sasa ticha, si bora niweke nukta kila mahali?"

Nikamwambia aweke. Akaweka, zikawa sentensi nne fupifupi, zote kamili, hakuna msahihishaji wa kumnyima maksi. Tukazisoma kwa sauti, zikasikika kama mtu anayesoma risiti. Ya kwanza tukaiacha ilivyo. Zile tatu tukazifanya moja: "I greeted my grandmother, ate and slept."

Akaitazama kwa muda. "Na 'ate' kiima chake kiko wapi?"

Kwa Kiswahili kila kitenzi kilikuja na ni- yake: nikamsalimia, nikala, nikalala. Kwa Kiingereza "I" imetajwa mara moja na inavitumikia vyote. Akapiga mstari chini ya vitenzi vyote vitatu, akavuta mishale mitatu kurudi kwa ile "I" moja, akahamia aya inayofuata, ambayo ilikuwa na mikato mingi zaidi.